Ufagio Haulazwi Chini

Msiniulize njia. Njia ya kwenda Tengemaa anayeijua haitaji, na asiyeijua anafika. Mimi nilifika na kikapu changu, kanga mbili, chupa ya uji wa ulezi na barua ya mama yangu. Nayaandika haya nimekaa juu ya ndoo ya bati iliyopinduliwa, daftari gotini, saa zile za baada ya alasiri ambapo soko linapumua. Nilisoma hadi darasa la saba tu, na mwandiko wangu hupanda mlima kila unapokaribia mwisho wa mstari. Lakini mambo ya nchi hii nimeyaona kwa macho yangu, nami nitayapanga kama nilivyoyakuta. Kuyaelewa nawaachia ninyi.

Nilikwenda kumfuata mdogo wangu Sanura. Miaka sita nyuma alikwenda Tengemaa kuuza mikeka, akabadilishana mikeka mitatu kwa mbuzi jike mweupe mwenye sikio moja jeusi. Kabla hajavuka naye mto kurudi, yule mbuzi akala waridi katika bustani ya duara iliyo mbele ya ofisi ya baraza. Miche minne, akaimaliza mpaka miiba. Sanura akahukumiwa kufagia soko siku ishirini na moja. Akatuma salamu: "Msihangaike, si jela, nitarudi mwezi ujao." Mwezi ujao ukawa miaka sita.

Mwaka huu macho ya mama yetu yakaanza kufunga. Yalikuwa yakifunga taratibu, kama mtu afungaye duka, ubao mmoja leo na mwingine kesho. Mganga wa zahanati akatuambia mvua za vuli hazitamkuta akiona. Mama ana miaka themanini na nne na hapendi maneno mengi. Aliniita, akasema, "Mashavu, nataka kumwona kitinda mimba wangu. Sikusema kumgusa. Kugusa hata kipofu anagusa. Nataka kumwona." Ndipo nikafunga kikapu.

Mlangoni mwa nchi ile palikuwa na askari mmoja mnene, mpole, anakula karanga na kuweka maganda ndani ya kofia yake. Hakuniuliza jina wala nitokako. Aliniuliza, "Nani kashika wako?"

"Wangu nani, baba?"

"Ufagio wako, bibi. Nani kaushika?"

"Ufagio wangu uko nyumbani nyuma ya mlango," nikamwambia, "na asiushike mtu, maana ni wa chelewa mpya."

Alicheka mpaka karanga zikamwagika. Zilipomwagika akaacha kucheka ghafla, akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyeona nyoka, akaziokota moja moja haraka haraka. Kisha akanifunga uzi mweupe mkononi, akasema mimi ni mgeni, sina wangu, nipite. Nikapita. Huo ulikuwa mwanzo wa kutoelewa kwangu, na mpaka leo sijafika mwisho wake.

Kwanza niseme mazuri, maana yapo. Tengemaa hakuna jela. Ile iliyokuwapo zamani wamefugia nyuki, na asali yake nimeionja. Kwetu mama mmoja aliuza chapati bila kibali, wakamfunga miezi mitatu na kichanga chake, na alipotoka kichanga kilikuwa kinasimama dede kwa kushikilia nondo. Hapa mama yule angepaka chokaa ukuta wa shule, akalala kwake. Na soko letu kule nyumbani linanuka hata nzi wanapita juu juu, kwa sababu kila mtu husema kufagia ni kazi ya halmashauri, na halmashauri husema ni kazi ya kila mtu. Soko la Tengemaa unaweza kuandaa ubwabwa chini ukala. Nikasema moyoni, hawa watu wana akili.

Nikaenda ofisi ya baraza kumwulizia mdogo wangu. Nikapokewa na Bwana Shomvi, ambaye cheo chake kimeandikwa mlangoni kwa rangi ya buluu: MLEZI WA MAKOSA. Ni mtu mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata kidole. Akaniwekea kiti, akaniagizia chai. Kikombe kikaletwa kimejaa hadi ukingoni, kimetuna juu kabisa, na yule aliyekileta hakuondoka. Alisimama akitazama mkono wangu. Mimi mikono yangu imezoea kubeba maji ya kichwani, sikumwaga hata tone. Akaondoka amenuna.

"Usimjali," akasema Bwana Shomvi. "Ana miaka minne kwenye birika. Uliza, bibi."

"Nauliza habari za Sanura. Alipewa siku ishirini na moja."

"Alizimaliza vizuri sana! Siku ya ishirini na mbili nilimpongeza mwenyewe."

"Basi mbona hajarudi nyumbani?"

"Ana ufagio mkononi."

"Si auweke?"

Alinitazama kwa huruma, kama tunavyomtazama mjukuu anayeuliza mwezi unalala wapi. "Ufagio haulazwi chini, bibi. Unapokewa."

Akanieleza, na mimi naeleza kama alivyoeleza. Hapo kale jela za Tengemaa zilijaa waliookota kuni za watu, waliokojoa ukutani, waliotukanana kisimani. Wazee wakakaa, wakaona kumfungia mtu ndani kwa kosa la mate ni kuwalisha wenye makosa kwa jasho la wasio na makosa. Wakaamua aliyeharibu atengeneze. Mwaka wa kwanza mitaro ikazibuliwa, visima vikafunikwa, shule zikapakwa chokaa. Watu wakafurahi mno. Baraza likaona hakuna haja tena ya wafagiaji wa kuajiriwa, wala wachimba mitaro, wala wapishi wa shule, kwa kuwa wakosaji wanatosha. Wakawaaga wote kwa pilau.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu likatupata janga." Aliteremsha sauti. "Watu walitengenea. Mtu aliyefagia soko siku ishirini na moja hatupi tena ganda chini, anajua uzito wake. Makosa yakapungua. Mwaka wa nne tulikuwa na mkosaji mmoja nchi nzima, mzee wa kikohozi, tukampa soko, mitaro na hospitali. Akafa. Takataka zikafika hapa." Akaonyesha kiunoni.

"Kama watu walikuwa wema, si wangefagia tu wenyewe?"

"Kwa kosa gani?" akauliza Bwana Shomvi. Hakuwa akitania.

Basi baraza likakaa siku tisa. Wengine walitaka makosa yaongezwe, wengine walitaka yaliyopo yarefushwe. Likapatikana la kati: hukumu ibaki fupi, kwa sababu wao si wakatili, ila mtu akimaliza asiweke kazi chini mpaka ampate wa kumkabidhi. Na wa kumkabidhi lazima awe mkosaji. Na mkosaji anapatikana hivi: mwenye ufagio, au ndoo, au sufuria, amwone mtu akikosa, amnyooshee kidole, aseme "Wako!" Kidole cha kwanza ndicho kinachohesabika. Kazi inahama papo hapo, na yule wa kwanza yuko huru. Mkosaji hupokea kazi ileile ya aliyemwonyesha, awe anaiweza au haiwezi.

Hapo nikaelewa kwa nini watu wa Tengemaa wanatembea wamebana mikono ubavuni na wanatazamana miguuni. Nikaelewa kwa nini njiani nilialikwa chai nyumba tatu na vikombe vyote vilitunishwa. Mpaka leo sijui watu wale walinikirimu au walinitega. Nimewaza sana. Sukari ilikuwa ya kutosha.

Sanura nilimkuta kati ya nyanya na dagaa, anafagia. Nilimwacha ana shingo ndefu na mwendo wa kujisikia. Niliyemkuta amepinda kama mpini wa jembe bovu. Aliniona, akanikimbilia na ufagio wake kwapani, tukakumbatiana sisi watatu.

"Dada! Umefanya kosa gani?"

"Shikamoo kwanza," nikamwambia.

"Shikamoo dada. Umefanya kosa gani?"

"Nimekuja kukuchukua. Mama macho yanafunga."

Nikampa barua. Aliisoma amesimama, kisha akaikunja ndogo kama hirizi, akaitia kwenye pindo la kanga. Nikamwuliza. "Miaka sita, Sanura. Hukumwona hata mmoja amekosa?"

"Niliwaona, dada, watu si malaika. Mwaka wa kwanza mwanamke alitema mate mtaroni pale, mbele yangu. Nikanyanyua mkono. Nikamwona ana mimba, kichefuchefu kimemshika. Nikajikuna kichwa. Mwaka wa pili mzee mmoja akajisaidia nyuma ya ghala. Nikanyanyua mkono, nikajikuna kichwa. Sasa wananiita Sanura wa Chawa."

Wenye meza za dagaa wakacheka. Mmoja akadakia, "Huyo mdogo wako, bi mkubwa, anangoja mkosaji asiye na mama!"

Nilifikia alipolala Sanura, chumba nyuma ya soko. Asubuhi yake mgongo ukamkamata, hawezi hata kugeuka. Nje soko linaamka, maganda ya jana yapo, kengele ya ukaguzi inakaribia. Mimi nimeamka na ufagio tangu nina miaka sita. Mikono haikuniuliza. Nikauchukua ule wa chelewa, nikafagia kuanzia nyanya mpaka dagaa, nikazunguka kwenye mihogo, nikanyunyiza maji vumbi lisiruke. Nilikuwa nafikia kona ya vitunguu nilipoona soko lote limenyamaza.

"Bibi," akasema mwuza vitunguu, kwa sauti ya mtu aliyeona maiti ikikaa, "kosa lako lipi?"

"Sina kosa, mwanangu. Nafagia tu."

Wakapiga yowe. Nikapelekwa barazani na watu kama mia wananifuata nyuma, wengine wanalia.

Nitaeleza mjadala ule kama ulivyokuwa. Diwani wa kwanza, mtu wa kitambi, alisema nimefanya kazi bila kosa, na ikiwa kila mtu atafanya kazi bila kosa, wakosaji watafanya nini? Diwani wa pili alisema huu ni wizi, nimemwibia Sanura adhabu yake, mali pekee aliyo nayo katika nchi hii. Hapo mimi nikasimama.

"Waheshimiwa, kama nimeiba, basi mimi ni mkosaji. Mkosaji apewe ufagio. Mnipe mimi, Sanura aende kwa mama."

Minong'ono ikapita. Bibi mmoja diwani, mwenye miwani iliyofungwa uzi, akatikisa kichwa. "Tukimpa mwizi alichokiiba, hiyo ni adhabu au zawadi?"

Mtu mmoja alianza kusema jambo, akakaa. Mimi mwenyewe nilijaribu kulifuata lile swali, nikaligeuza upande huu na upande ule kama chapati, halikuiva. Mwishowe Bwana Shomvi akafungua kitabu kikubwa na kusema kwamba kufagia bila kosa hakumo katika makosa, wala hakumo katika haki, kwa hiyo pengine ni maradhi. Wote wakashusha pumzi. Ikaandikwa: mgeni ana maradhi ya mikono, atolewe nchini kesho baada ya adhuhuri, na mpaka hapo asisogezwe karibu na ufagio, jembe wala mwiko.

Tulipotoka, Bwana Shomvi alinisindikiza hadi nje. Alitazama nyuma, akaniambia taratibu, "Usijione vibaya, bibi. Mimi uvungu wa kitanda changu naufagia mwenyewe. Nafunga mlango kwanza." Kisha akakimbia.

Mbele ya ofisi, juu ya mto, lipo daraja lililovunjika katikati. Ubavuni mwake nilimkuta fundi seremala aitwaye Fikirini, amekaa juu ya sanduku la vyombo vyake. Nilikuwa nimetajiwa habari zake. Daraja lile alipewa kulitengeneza mtu aliyeiba bata. Mtu wa bata hakuwahi kushika nyundo, akapigilia mbao upande mmoja mpaka zikazama. Fundi Fikirini ndiye seremala bora katika nchi, lakini hana kosa, haruhusiwi kuligusa.

"Nimejaribu kukosa, mama," aliniambia. "Nilikwenda kuiba kuku. Mwenyewe akaniona, akasema chukua, jirani, una wageni? Nikamtukana mzee wa msikiti, akaniombea dua. Watu wananipenda. Ni balaa."

"Na ukikosa, utapewa daraja?"

"Nitapewa kazi ya atakayenionyesha." Akakuna ndevu. "Lakini angalau nitakuwa kwenye foleni."

Nikamweleza habari za mama na macho. Nikamweleza jambo nililokuwa nimelifikiria tangu barazani: nitafanya kosa la kweli, kosa lenye jina, lililomo kitabuni. Shida ni kidole. Wenye ndoo na fagio ni wengi pale mbele ya ofisi na macho yao hayalali. Akitangulia mwingine, ndiye atakayekwenda zake, na mdogo wangu atabaki. Lazima kidole cha kwanza kiwe cha Sanura.

Fundi akasimama. "Ghala la baraza lina mbao," akasema. "Kesho kabla ya adhuhuri nitaziiba. Nitaziiba kwa kelele."

Iliyobaki ilikuwa kumwambia Sanura, na hiyo ndiyo ilinishinda. Alikuwa amelala kifudifudi, namkanda mgongo kwa mafuta ya nazi. Nilipomaliza kusema, akageuka ingawa mgongo ulimkataza.

"Sitakunyooshea kidole, dada."

"Ni kidole tu."

"Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mpaka ukapata kibiongo ukiwa mwari. Wageni nimeshindwa kuwaonyesha, nikuonyeshe wewe? Halafu uvunjike hapa na miaka sitini na saba?"

"Mgongo wangu umezoea. Mama anataka kukuona."

"Aambiwe nimekufa."

"Mwambie mwenyewe!" Nikapandisha sauti, jambo nisilolipenda. Nikaendelea kumkanda. Baadaye akasema, uso ukiwa ukutani, "Nikirudi, mama atauliza wewe uko wapi. Nitamjibu nini?" Nikasema mafuta yamekwisha.

Asubuhi mgongo wake ukawa umelegea. Tulikwenda kwenye duara la waridi, yeye na ufagio, mimi na kikapu changu cha safari na askari wa kunitoa nchini, yule yule mnene, anatafuna. Kabla ya adhuhuri tukasikia kishindo kutoka ghalani na sauti ya Fundi Fikirini ikipaza, "Naiba! Jamani naiba! Mbao nane, mninga mtupu!"

Sijapata kuona watu wakikimbia vile. Ndoo zilitupwa mabegani, mafagio yakapepea, hata askari wangu akaacha karanga. "Wako!" "Wako!" "Wako!" Vidole kama mwitu wa mianzi. Baadaye nilisikia wa kwanza alikuwa Bi Mkunde, mwosha sufuria wa shule, mwenye miaka kumi na mmoja sufuriani. Alipiga vigelegele mpaka akazimia.

Tukabaki mimi na Sanura. Nikaingia kwenye bustani nikang'oa mche wa kwanza, na mizizi yake.

"Sanura."

Alikuwa ameushika ufagio kwa mikono yote miwili.

Nikang'oa wa pili. Miiba ikanichana. "Sanura, mdogo wangu."

"Siwezi, dada."

Nikang'oa wa tatu. Kule ghalani kelele zilikuwa zinatulia, watu walioukosa ushindi wanarudi wakikokota miguu. Wa mbele yao, mtu mmoja mwenye ndoo ya chokaa, alikuwa ameinua macho. Akaona udongo. Akaona mikono yangu. Nikamwona anatua ndoo taratibu, mkono wake unaiachia.

"Sanura, mama anakungoja akiwa na macho!"

Nikang'oa wa nne.

Sanura alifumba macho. Alifumba kabisa, kama mtoto anayechomwa sindano, na mkono wake ukapanda. Safari hii haukwenda kichwani. "Wako," akasema, "dada."

"Wako!" akapaza yule wa chokaa, akiwa amechelewa pumzi moja. Akakaa chini akalia, na mimi nilimhurumia, bado namhurumia, kila siku anapita hapa na ndoo yake na tunaamkiana.

Bwana Shomvi akaitwa. Akapekua kitabu chake muda mrefu, kwa sababu katika miaka yote hakuna aliyewahi kusema "Wako, dada", na diwani mmoja alitilia shaka kwamba heshima imeharibu tamko. Mwishowe akafunga kitabu, akasema sheria haijakataza adabu. Akanikata uzi mweupe. Sanura akaniwekea ufagio mikononi, na alipouachia vidole vyake vilibaki vimekunjwa vivyo hivyo, havinyooki. Nikavinyoosha kimoja kimoja.

Daraja bado limevunjika. Fundi Fikirini alipewa sufuria za Bi Mkunde, na mbao zilirudishwa ghalani. Anaziosha vibaya, lakini mifuniko yote sasa inakaa sawasawa. Sanura akavuka mto kwa miguu, viatu kichwani, maji yakimfika kifuani. Ng'ambo aligeuka. Sikumpungia, kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa.

Siku zangu ishirini na moja zilikwisha zamani. Bwana Shomvi alikuja kunipongeza mwenyewe. Alisema hajaona soko linang'aa namna hii, na akaongeza, akitazama pembeni, kwamba sasa maradhi yangu hayana ubaya tena. Nimelifikiria hilo. Kazi ni ile ile, mikono ni ile ile, kona ya vitunguu ni ile ile. Siku ile nilikuwa mgonjwa na leo ni mzima, na kati yake kuna miche minne ya waridi. Nimelifikiria mpaka kichwa kimeuma, nikaliacha.

Wiki iliyopita alipita mwuza mikeka kutoka kwetu. Alisimama mbali kidogo, mikono ubavuni, ameshajifunza. Akaniambia Sanura alifika siku tatu kabla ya mvua. Mama alimkalisha mlangoni penye mwanga, akamtazama tangu adhana mpaka adhana. Kisha akasema, "Umezeeka, mwanangu." Akatazama nyuma ya Sanura, akatazama tena. "Na Mashavu yuko wapi?"

Mvua zimenyesha. Sikumwuliza mwuza mikeka zaidi.

Jana mchana aliingia mgeni, mwanamke wa makamo, uzi mweupe mkononi, amechoka kwa safari. Hajui lolote. Alinunua ndizi pale, akala amesimama, akaliangusha ganda mbele yangu kabisa, karibu na mguu wangu. Soko zima lilikuwa likitazama mnada wa mitumba, hapakuwa na jicho jingine. Niliwaza mlango wa nyumba yetu. Nikaona mkono wangu umeshapanda, umefika juu, kidole kimenyooka, sijui niliupandisha saa ngapi.

Yule mwanamke akaniangalia, akatabasamu, akasema, "Shikamoo, bibi. Unasemaje?"

Nikajikuna kichwa.